Parokia Inayohesabika: Waamini wa Maria Malkia wa Vietnam, New Orleans, na Mafuriko ya Mwaka 2005

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna waamini wa Parokia Katoliki ya Maria Malkia wa Vietnam, mashariki mwa jiji la New Orleans nchini Marekani, walivyorejea na kujenga upya mtaa wao baada ya mafuriko yaliyosababishwa na Kimbunga Katrina mwezi Agosti 2005. Maelezo yaliyozoeleka huhusisha urejeo huo na imani thabiti au utamaduni wa bidii. Insha inadai kwamba maelezo hayo hayatoshi. Parokia ilisalimika kwa kuwa ilikuwa na uwezo wa kuwajua watu wake kwa majina, kuwafikia walikotawanyika, na kuwafanya wahesabike mbele ya mamlaka zilizokuwa zikiamua ni mtaa upi ungestahili kuishi tena. Insha inaonyesha pia kwamba kigezo hichohicho cha kuhesabika kiliwaumiza majirani ambao hawakupewa nafasi ya kurejea ili wahesabiwe.

1.0 Utangulizi

Tarehe 29 Agosti 2005 Kimbunga Katrina kilitua katika pwani ya Louisiana. Upepo wake ulileta hasara, lakini maangamizi makubwa ya New Orleans yalitokana na kuvunjika kwa kuta na matuta yaliyojengwa kuzuia maji ya ziwa na mifereji. Takriban asilimia 80 ya jiji ilifunikwa na maji. Zaidi ya watu 1,000 walipoteza maisha katika ukanda mzima ulioathirika, na wakazi wengi wa jiji walitawanyika katika majimbo mengine ya nchi. Sensa ya mwaka 2000 ilikuwa imehesabu watu 484,674 jijini. Ile ya mwaka 2010 ilihesabu 343,829.

Ndani ya upungufu huo kuna mtaa mmoja uliowashangaza watunga sera na watafiti. Mtaa huo uko pembezoni kabisa mwa mashariki ya jiji, na wenyeji huuita Versailles. Miaka miwili baada ya maafa, makadirio ya watafiti yalionyesha kwamba takriban asilimia 90 ya wakazi wake wenye asili ya Vietnam walikuwa wamerudi, ilhali sehemu nyingi za jiji zilikuwa bado magofu. Katikati ya mtaa huo lipo kanisa la Parokia ya Maria Malkia wa Vietnam.

Swali linaloongoza insha hii ni moja: ni kitu gani hasa katika maisha ya parokia kiliwezesha urejeo huo? Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulijali swali hili. Tangu mikutano ya maaskofu wa AMECEA ya mwaka 1973 na 1976, Kanisa Katoliki katika ukanda wetu limezifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kitovu cha uchungaji wake, na eneo letu si geni kwa mafuriko. Uchunguzi wa parokia iliyonusurika ughaibuni unaweza kutupa jicho jipya la kuyatazama madaftari ya jumuiya zetu wenyewe.

2.0 Parokia Iliyohama Mara Mbili

Historia ya Versailles inaanzia katika delta ya Mto Mwekundu, kaskazini mwa Vietnam, katika majimbo ya Kanisa ya Bùi Chu na Phát Diệm. Wakatoliki wa huko waliishi katika vijiji ambamo parokia ilikuwa pia mfumo wa utawala wa maisha ya kila siku. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1954 ulipoigawa nchi, watu wapatao 800,000 au zaidi, wengi wao Wakatoliki, walihamia kusini. Mara nyingi hawakuhama mmojammoja. Padri aliondoka na waamini wake, na walipofika kusini walijenga tena kijiji kwa muundo wa parokia ileile.

Baada ya Saigon kuanguka tarehe 30 Aprili 1975, sehemu ya watu haohao ilihama kwa mara ya pili. Wengi walipitia kambi za wakimbizi nchini Marekani, mojawapo ikiwa Fort Chaffee, Arkansas. Askofu Mkuu Philip Hannan wa New Orleans aliwakaribisha jimboni mwake, na shirika la misaada la Jimbo Kuu likawatafutia makazi katika nyumba za kupanga zilizoitwa Versailles Arms. Jina la mtaa limetokana na nyumba hizo. Waliofika mwanzo waliwaita ndugu na wanakijiji wenzao waliokuwa wametawanyika katika majimbo mengine. Hali ya hewa yenye joto na unyevu, kazi ya uvuvi katika Ghuba ya Mexico, na ukaribu wa Kanisa viliwavuta wengine. Katika miaka ya 1980 jumuiya ilipata parokia yake kamili.

Min Zhou na Carl Bankston, katika utafiti wao kuhusu vijana wa Versailles uliochapishwa mwaka 1998, walikwisha kueleza kabla ya mafuriko jinsi kanisa lilivyofungamanisha familia, shule na kazi. Jambo linalohitaji kukaziwa hapa ni la kimuundo. Parokia iligawanywa katika kanda, na kila kanda ilikuwa na viongozi wake walei waliozijua kaya zao. Kiongozi wa kanda alijua ni nani mgonjwa, nani amefiwa, nani amepata mtoto, na nani amehama. Msomaji aliyelelewa katika jumuiya ndogondogo atautambua mpangilio huu bila kuelezwa sana, ijapokuwa asili yake ni tofauti. Kwetu, jumuiya ziliimarishwa na uamuzi wa maaskofu katika miaka ya 1970. Kwa Wavietnam, kanda zilikuwa kumbukumbu ya kijiji iliyobebwa kuvuka bahari.

Karen Leong, Christopher Airriess na wenzao, katika makala yao ya mwaka 2007, waliiona historia hii ya kuhama mara mbili kuwa ndiyo chemchemi ya ustahimilivu wa mwaka 2005. Wazee waliokuwa watoto mwaka 1954 na wazazi mwaka 1975 walikuwa tayari wamejenga upya maisha mara mbili. Insha hii inakubaliana nao, lakini inaongeza hoja moja: kumbukumbu ya kuhama peke yake haimrudishi mtu nyumbani. Kumbukumbu ilifanya kazi kwa sababu ilikuwa imewekwa ndani ya chombo, yaani parokia yenye kanda, viongozi na orodha.

3.0 Maji na Mtawanyiko

Amri ya watu wote kuondoka jijini ilitolewa tarehe 28 Agosti 2005, siku moja tu kabla ya kimbunga kutua. Wakazi wengi wa Versailles waliondoka kwa magari yao. Mamia walibaki, wakiwemo wazee na wagonjwa, na wengi wao walikimbilia majengo ya kanisa. Paroko, Padri Vien The Nguyen, alibaki pamoja nao. Maji yalipoingia, wanaume waliokuwa na mashua walizunguka mtaani kuwachukua majirani. Kwa jamii ya wavuvi, mashua na ujuzi wa kuiendesha vilikuwa mali ya kawaida. Siku hizo viligeuka kuwa uhai.

Kisha ukafuata mtawanyiko. Sehemu kubwa ya Wavietnam ilifika Houston, Texas, mji wenye jamii kubwa ya Wavietnam. Huko eneo la maduka liitwalo Hong Kong City Mall liligeuka kituo cha mapokezi kisicho rasmi: familia zilizofika zilikutanishwa na familia za kuwapokea, na redio ya Kivietnam ilitangaza habari za waliokuwa wakitafutana. Wengine walipelekwa mbali zaidi. Fort Chaffee, kambi iliyowapokea wakimbizi wa Vietnam mwaka 1975, ilifunguliwa tena mwaka 2005 kuwapokea waathirika wa Katrina. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa historia kumrudia mtu akiwa bado hai.

Katika wiki hizo paroko alisafiri kutoka kituo kimoja hadi kingine akiwatafuta waamini wake. Airriess na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 2008 kuhusu mitandao ya kikanisa, wanaonyesha kwamba viongozi wa parokia waliendelea kuwasiliana na watu wao katika ngazi tatu kwa pamoja: mtaa wenyewe, miji ya karibu ya ukanda wa Ghuba, na jamii ya Wavietnam nchi nzima. Kwa maneno mengine, parokia iliendelea kuwa parokia hata pale ambapo haikuwa na kanisa la kusalia. Mipaka yake ilikuwa imechorwa upya kwa kufuata walipo watu.

4.0 Misa, Umeme na Orodha ya Majina

Mwezi Oktoba 2005, takriban wiki sita baada ya kimbunga, Misa ya kwanza iliadhimishwa tena Versailles. Waliohudhuria walikuwa mamia. Kila Jumapili idadi iliongezeka, na kabla ya mwezi kwisha Askofu Mkuu Alfred Hughes alifika kuadhimisha Misa pamoja na umati uliozidi watu 2,000. Wengi walikuwa wamesafiri kwa saa kadhaa kutoka Houston na kwingineko, wakasali, wakasafisha nyumba zao, kisha wakarudi kulala walikohifadhiwa.

Misa hizo zilikuwa ibada kwanza, na haifai kuzipunguza hadi kuwa mbinu. Hata hivyo mwanahistoria hawezi kupuuza kazi ya pili zilizoifanya. Mtu aliyekuwa akisitasita kurudi alitaka kujua jambo moja kabla ya kutumia akiba yake kukarabati nyumba: je, jirani yangu naye atarudi? Emily Chamlee-Wright na Virgil Storr, waliowahoji wakazi baada ya mafuriko, wanalichukulia hilo kuwa tatizo la msingi la urejeo. Nyumba moja iliyokarabatiwa katikati ya mtaa uliohamwa ni hasara. Misa ya Jumapili ilimpa kila mmoja jibu kwa macho yake. Alipoinua kichwa kanisani aliwaona majirani zake wamerudi.

Tukio la umeme ndilo linaloeleza hoja ya insha hii kwa uwazi zaidi. Bila umeme hakuna mtaa unaoweza kukaliwa, na kampuni ya umeme ya Entergy haikuwa tayari kurejesha huduma mahali ambapo haikuwa na uhakika wa kupata wateja wanaolipa. Paroko aliikabili kampuni akiwa na picha za umati wa Misa na orodha ya wakazi takriban 500 waliokuwa tayari kuunganishwa. Mwanzoni mwa Novemba 2005 umeme uliwaka Versailles, mapema kuliko katika sehemu nyingine nyingi za mashariki ya jiji. Baadaye serikali kuu iliweka nyumba za muda karibu na kanisa, na waliokosa pa kulala walipata mahali pa kukaa wakati wa ujenzi.

Orodha hiyo haikuanzia kwenye meza ya kampuni. Ilitokana na kanda, na kanda zilitokana na desturi ya miaka mingi ya kujuana kwa majina. Taasisi iliyokuwa imewahesabu watu wake kwa ajili ya sakramenti, misiba na sikukuu ilikuta kwamba hesabu hiyohiyo inasomeka pia na mhandisi wa umeme na ofisa wa serikali.

Mantiki ya kuhesabika ilipewa sura rasmi muda mfupi baadaye. Tarehe 11 Januari 2006 tume iliyoundwa na Meya Ray Nagin kupanga ujenzi mpya ilipendekeza kusitishwa kwa vibali vya ujenzi katika mitaa iliyofurika sana, na kuipa mitaa hiyo miezi minne kuthibitisha kwamba watu wa kutosha wangerejea. Ramani iliyochapishwa magazetini ilikuwa na madoa ya kijani yaliyoashiria maeneo yaliyofikiriwa kuwa bustani. Mapendekezo hayo yalipingwa vikali na meya hakuyatekeleza yalivyokuwa. Lakini kwa Versailles swali lilikuwa limekwisha kujibiwa: kabla tume haijauliza kama watu wapo, watu walikuwa wanaishi humo.

5.0 Dampo na Sauti ya Hadharani

Kuwepo hakukutosha. Mwezi Februari 2006 meya alitumia mamlaka yake ya dharura kusimamisha kanuni za matumizi ya ardhi ili dampo la vifusi vya Katrina lifunguliwe kando ya Barabara Kuu ya Chef Menteur, umbali usiofika maili mbili kutoka Versailles. Eneo hilo linapakana na hifadhi ya wanyamapori ya Bayou Sauvage, na wazee wa mtaa walikuwa wakilima mboga kandokando ya mifereji iliyo jirani. Wakazi walihofia kwamba sumu kutoka katika vifusi ingeingia kwenye maji. Hawakuwa wameulizwa.

Kwa miaka 30 jamii hii ilikuwa imejitegemea kimyakimya na kuepuka siasa za jiji. Sasa wazee waliovaa mavazi ya heshima ya Kivietnam walisimama mbele ya ofisi za jiji wakiwa na mabango, huku vijana waliosomea Marekani wakitafsiri nyaraka na kuhojiwa na waandishi wa habari. Majirani Weusi wa mashariki ya jiji walijiunga nao, kwa kuwa vifusi visingechagua rangi ya mtu. Eric Tang, katika makala yake ya mwaka 2011, anaona katika ushirikiano huo siasa mpya ya ukanda wa Ghuba. Dampo lilifungwa mwezi Agosti 2006. Filamu ya S. Leo Chiang ya mwaka 2009 kuhusu Versailles imehifadhi sura na sauti za kipindi hicho, nayo ni chanzo chenye thamani kwa mtafiti asiyejua Kivietnam.

Mwaka huohuo wa 2006 parokia ilizaa shirika la maendeleo ya jamii, na vijana wakaanzisha chama chao. Mwezi Desemba 2008 Anh Cao, mwanasheria aliyekuwa karibu na juhudi hizo, alichaguliwa kuwa Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Vietnam kuingia katika Bunge la Marekani. Parokia iliyokuwa imehesabika kwa ajili ya umeme ilikuwa sasa inahesabika kwenye sanduku la kura.

6.0 Upande wa Pili wa Hesabu

Simulizi hili likiishia hapa linakuwa hatari. Tangu mwaka 2006 limetumika mara nyingi kama fimbo: Wavietnam walirudi kwa juhudi zao, kwa nini wengine hawakurudi? Mark VanLandingham, katika kitabu chake cha mwaka 2017, anatukumbusha kuwa neno "utamaduni" linapotumiwa kwa wepesi huficha historia mahususi ya kundi na mazingira lililojikuta ndani yake. Mambo matatu yanapaswa kuwekwa kwenye mizani.

Kwanza, sehemu ya Versailles iko kwenye ardhi iliyoinuka kidogo, na maji yake kwa jumla yalikuwa na kina kifupi kuliko katika mitaa mingine ya mashariki. Katika mtaa wa Lower Ninth Ward ukuta wa mfereji ulibomoka na nyumba zikang'olewa kwenye misingi. Wakazi wake, karibu wote Wamarekani Weusi, kwa miezi kadhaa waliruhusiwa tu kuingia kutazama na kuondoka. Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu humo watu 14,008. Ya mwaka 2010 ilihesabu 2,842. Mtu aliyezuiwa kulala nyumbani kwake hawezi kuandikwa katika orodha ya wateja wa umeme.

Pili, sera zilitofautisha watu. Fidia ya ujenzi iliyotolewa chini ya mpango wa jimbo la Louisiana ilikokotolewa kwa kuangalia thamani ya nyumba kabla ya kimbunga au gharama ya ukarabati, kwa kuchukua iliyo ndogo. Katika mitaa ya Weusi, ambako nyumba zilithaminiwa chini kutokana na historia ya ubaguzi, utaratibu huo ulimaanisha kwamba gharama zilezile za ujenzi zililipiwa fidia ndogo zaidi. Aidha, mwezi Desemba 2007 Baraza la Jiji liliidhinisha kubomolewa kwa maelfu ya nyumba za umma ambazo wapangaji wake walitaka kurejea.

Tatu, Kanisa lenyewe lilihesabu. Parokia ya Mtakatifu Augustino katika mtaa wa Tremé, iliyoanzishwa mwaka 1841, ni miongoni mwa parokia kongwe kabisa za Wakatoliki Weusi nchini Marekani. Mwezi Machi 2006 Jimbo Kuu la New Orleans, likiwa na hasara kubwa na upungufu wa mapadri, liliifuta kama parokia. Sababu zilizotolewa zilihusu uchache wa waamini na udhaifu wa shughuli zake. Waamini walipinga, wengine wakajifungia katika nyumba ya mapadri, na mwezi Aprili Jimbo Kuu likairejeshea parokia hadhi yake kwa masharti. Askofu Mkuu aliyeshangilia umati wa Versailles mwezi Oktoba ndiye aliyesimamia uamuzi wa Tremé mwezi Machi.

Ulinganisho huu haukusudii kumshtaki mtu. Unaonyesha kwamba mwaka 2006 idadi ilikuwa lugha ya pamoja ya kampuni, serikali na jimbo la Kanisa, na kwamba lugha hiyo iliwanufaisha waliokuwa na chombo cha kuizungumza mapema. Waamini wa Mtakatifu Augustino walikuwa na miaka 165 ya historia. Walichokosa ni watu wa kutosha waliokwisha kurudi ili wahesabiwe, na wengi wa watu hao walikuwa wamezuiwa na nguvu zilizo nje ya parokia.

7.0 Hitimisho

Insha imejaribu kuonyesha kwamba kusalimika kwa waamini wa Maria Malkia wa Vietnam kuna maelezo ya kihistoria yanayoweza kufuatiliwa hatua kwa hatua: vijiji vya delta vilivyohama na mapadri wao mwaka 1954, jumuiya iliyokusanyika upya baada ya mwaka 1975, kanda zilizojua kaya zake, paroko aliyewafuata watu walikotawanyika, Misa iliyowaonyesha majirani kwamba hawako peke yao, na orodha iliyowasha taa. Imani haitenganishwi na mlolongo huu, kwa kuwa ndiyo iliyowafanya watu waziheshimu kanda na kumwitikia padri. Lakini imani iliyokosa muundo isingeweza kuijibu kampuni ya umeme.

Kwa watafiti wa historia ya Kanisa katika Afrika Mashariki, matokeo haya yanapendekeza eneo la kazi. Mafuriko ya Rufiji na ya Mai Mahiu mwaka 2024, na maporomoko ya matope ya Katesh mwezi Desemba 2023, yaliwakumba watu ambao wengi wao wamo katika jumuiya za kidini zenye viongozi na madaftari. Tafiti za maafa huegemea zaidi takwimu za serikali na mashirika ya misaada. Daftari la jumuiya, lenye majina ya waliohudhuria sala ya wiki iliyotangulia maji, ni chanzo cha kihistoria kinachostahili kutafutwa, kunakiliwa na kuhifadhiwa mahali pakavu kabla ya masika mengine. Mtafiti atakayelisoma aulize pia ni majirani gani hawakuandikwa humo, na ni nani aliyewahesabu wao.